Maua yanayotembea: namna ya kuyatambua na kuyapanda nyumbani Keshero



Katika ziara zetu za Keshero kuna swali ambalo linarudi kila mara, hata pale tulipokuja kwa ajili ya maharagwe au sungura: "Hii maua yenye inatembea ni maua gani, na mtu anaipanda namna gani?" Wengine wanauliza kwa sababu wameipenda tu. Wengine wanauliza kwa sababu wanauza miche kando ya barabara ya kwenda Sake na wanataka kuongeza kitu kwenye meza.

Tuliamua kuandika ukurasa huu baada ya aibu moja. Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikubaliana na mnunuzi kumpatia maua yanayotembea kwa ajili ya bustani. Wamama walikusanya miche nyumba hadi nyumba, kwa nia njema kabisa. Siku ya kuipeleka, mnunuzi aliangalia mmoja mmoja, akakataa mingi: haikuwa mmea aliouagiza. Pesa ya usafiri ilipotea, na uaminifu pia ulipungua. Na sisi hatuko nje ya kosa hilo. Wiki moja mbele tulikuwa tumepita hapo, tukaona ile miche imepangwa vizuri, tukasifu kazi, tukaenda. Hatukuigeuza hata mmoja kuangalia. Basi leo tuigeuze pamoja.

Kwa nini tunasema inatembea

Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, zaidi Brazili. Wataalamu wanauita Neomarica gracilis. Ulisambazwa duniani na watu wanaopenda bustani, ukafika mpaka huku kwetu.

Hautembei kwa miguu, tuelewane. Unatoa shina la ua. Ua likiisha kunyauka, kwenye ncha ya shina lile lile linaota mtoto: mmea mdogo wenye majani yake na mizizi yake midogo. Mtoto anakua, anakuwa mzito, shina linainama polepole mpaka linagusa udongo. Mtoto anashika mizizi pale alipoangukia. Kesho kutwa yeye naye ni mama, anatoa shina lake, linainama mbele zaidi. Ndiyo hivyo mmea unavuka bustani, hatua moja kwa msimu.

Kwa mkulima, maana yake ni rahisi: mmea mmoja uliotunzwa vizuri utakupa miche mingine bila kununua mbegu. Hapo ndipo faida yake ilipo.

Alama tano za kuutambua

1. *Majani yamepangwa kama kipepeo cha kupulizia moto.* Yanatoka sehemu moja chini, yanafunguka upande huu na upande huu, bapa. Hayazunguki shina. Kila jani lina umbo la upanga, urefu wa karibu sentimita 45 hadi 60, upana wa vidole viwili hivi.

2. *Pitisha kidole katikati ya jani.* Utasikia mshipa uliosimama kidogo, kutoka chini kwenda juu.

3. *Shina la ua linafanana na jani.* Hii ndiyo alama inayodanganya watu. Shina ni bapa, kijani, pana kama jani. Mtu anafikiri jani limetoa ua katikati yake. Ukiona hivyo, umekaribia ukweli.

4. *Ua lenyewe.* Petali tatu za nje ni nyeupe. Tatu za ndani ni ndogo, zimejikunja, na zina rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Katikati kuna mistari ya rangi ya kahawia na njano. Lina harufu nzuri. Linafunguka asubuhi, na jioni limekwisha. Usishangae na usidhani mmea unaumwa: ua moja ni la siku moja, lakini shina hilo hilo linatoa mengine siku zinazofuata.

5. *Mtoto kwenye ncha ya shina.* Ukimuona ameota pale ambapo ua lilikuwa, hiyo ni alama kubwa. Lakini usiitegemee peke yake, na sasa tutaona kwa nini.

Kuna watu wanaouita mmea wa mitume, kwa imani kwamba hautoi ua mpaka ufikishe majani 12. Usiufanye sheria. Lakini ni ukumbusho mzuri: mche mdogo wenye majani manne usiulaumu kwamba hautoi maua. Haujakomaa.

Mimea mitatu inayotudanganya

Katika ile miche iliyokataliwa tulikuta mimea ya aina tatu. Tuitazame mmoja mmoja.

*Wa kwanza ni Chlorophytum*, ule wenye majani membamba, laini, yanayoinama pande zote kama nywele, mara nyingi yenye mstari mweupe. Upo kwenye mikebe mingi ya barazani hapa Goma. Huo nao unatoa watoto kwenye vijiti virefu vinavyoning'inia, ndiyo maana wamama waliuchukua. Tofauti: majani yake yanazunguka pande zote, hayapangwi bapa. Ua lake ni dogo sana, jeupe, kama nyota. Na asili yake ni huku kwetu Afrika.

*Wa pili ni Dietes*, ndugu wa karibu kabisa, nao ni wa Afrika. Huu unaweza kudanganya hata mtu mwenye uzoefu: majani yamepangwa bapa, maua ni meupe yenye alama ya njano na zambarau kidogo katikati. Tofauti: shina lake la ua ni la mviringo, jembamba, gumu kama kijiti. Halifanani na jani hata kidogo. Na ua lake limelala wazi, petali za ndani hazijikunji. Wakati mwingine nao unatoa mtoto kwenye shina, ndiyo sababu tumesema alama ya tano haitoshi. Ukiwa nao, usikate mashina yake baada ya maua, kwa sababu yanatoa maua tena.

*Wa tatu ni gladiola.* Majani ni ya upanga pia. Lakini ung'oe kidogo uangalie chini: gladiola inakaa juu ya kitunguu cha mviringo. Ua linalotembea lina shina nene linalotambaa chini ya udongo, kama tangawizi iliyokonda, bila kitunguu.

Kama miche haina maua bado, fanya hivi: angalia mpangilio wa majani, sikiliza mshipa kwa kidole, angalia chini. Ukibaki na mashaka, usiuze kwa jina hilo. Mwambie mnunuzi asubiri mpaka ua la kwanza. Kusubiri ni bora kuliko kurudishiwa.

Na jambo moja la usalama: kwa sababu chini kuna kitu kinachofanana na tangawizi, waelezeni watoto mapema. Hii ni maua, siyo chakula, na siyo ya kupewa mbuzi wala sungura.

Udongo wetu wa mawe

Keshero tunaishi juu ya lava. Kila mtu aliyechimba msingi wa nyumba hapa anajua: vidole vichache vya udongo, kisha mwamba au changarawe nyeusi. Ina ubaya wake: maji yanapita haraka sana. Ina uzuri wake pia: mizizi haiozi kwa maji yaliyosimama, na mmea huu unachukia maji yaliyosimama.

Kazi yetu basi ni kuongeza kitu cha kushika unyevu. Mchanganyiko tunaoutumia ni huu: mapipa mawili ya udongo mweusi, pipa moja la mbolea iliyooza vizuri (ya sungura, ya mbuzi, au ya takataka za jikoni), na nusu pipa ya changarawe ndogo ya lava. Pipa linaweza kuwa kopo lolote, mradi uwe na kipimo kimoja. Mbolea ambayo bado ina joto au harufu kali iache kwanza, itaunguza mizizi.

Kama parseli yako ni mwamba mtupu, panda kwenye bidoni iliyokatwa, beseni lililopasuka au mfuko. Toboa mashimo chini. Chombo kisiwe kirefu sana, kwa sababu mizizi haiendi mbali chini. Kinachohitajika zaidi ni upana.

Kupanda hatua kwa hatua

1. Chagua mtoto aliye na majani yasiyopungua manne na mizizi midogo inayoonekana chini yake. Aliye mdogo kuliko hapo, mwache bado ananyonya.

2. Usimkate kwanza. Inamisha shina, weka mtoto juu ya kopo la udongo lililo karibu na mama, mshikize kwa kijiti kilichopinda au jiwe dogo. Funika mizizi tu. Usizike majani.

3. Mwagilia kidogo kidogo. Baada ya wiki chache vuta polepole: akishika, mizizi imeingia. Hapo kata shina.

4. Njia ya pili ni kugawa mama. Mmea uliokuwa mkubwa ung'oe, ugawe kwa kisu, kila kipande kiwe na majani na mizizi yake. Punguza majani kwa theluthi moja ili yasikaushe mche.

5. Wakati mzuri ni Septemba, mvua zikirudi. Ukigawa mwezi wa Juni, utabeba maji mpaka uchoke.

Mahali na maji

Weka upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Chini ya mti wa parachichi ulio wazi kidogo ni pazuri. Jua kali la siku nzima linachoma majani, yanakuwa ya njano. Kivuli kizito kinaleta majani mengi bila ua hata moja.

Maji ni suala la pesa kwetu, tunajua. Usitumie maji ya kunywa ya nyumba. Maji ya kuoshea mboga au mchele yanatosha, lakini yasiwe na sabuni wala chumvi. Tandika majani makavu ya migomba juu ya udongo ili unyevu usiondoke.

Volkano ikitoa moshi na majivu, mvua inaweza kuanguka ikiwa na ukali, na ncha za majani zinaungua. Osha majani kwa maji safi kidogo, kata sehemu iliyokauka. Mmea hautakufa kwa sababu hiyo.

Kisu chako

Wandugu wa migomba wanakumbuka mnyauko ulioingia Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kusambaa. Tulijifunza kwa uchungu kwamba panga chafu linabeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Somo ni lile lile hapa: pitisha kisu kwenye moto, au kioshe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, kabla ya kugawa mmea mwingine. Jani lenye madoa ya rangi ya kutu likate, uliondoe bustanini. Konokono waokote usiku kwa taa.

Tahadhari ya mazuku

Upande wetu wa magharibi ya Goma, kuelekea Lac Vert na Bulengo, kuna mashimo na mabonde madogo yenye mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini, haionekani, na inajikusanya chini usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Inaua mtu na mnyama. Usiende kuchukua udongo au changarawe kwenye shimo usilolijua, usimtume mtoto, na ukiona ndege au mbuzi amelala mfu pale, usishuke kumtoa. Hakuna ua linalolingana na roho ya mtu.

Kama unataka kuuza

Tunasema wazi: maua haya hayatachukua nafasi ya maharagwe. Yape ukuta, kona, chini ya mti, mahali ambapo chakula hakioti vizuri. Uza watoto, usiuze mama. Kwa koperative, tunapendekeza kila kikundi kichague mama watano au sita waliohakikishwa kwa macho, *wakiwa na maua*, wawekwe alama, na miche ya kuuza itoke kwao peke yao. Mtu mmoja awe na daftari: mtoto huyu alitoka kwa mama gani, alikatwa lini.

Kile kikundi tulichokitaja mwanzoni kimeshaanza hivyo. Walitupa nje aibu, wakabaki na mama wanne wa kweli, na watoto wao wameshashikizwa kwenye makopo. Tulipopita mara ya mwisho, kijana mmoja alitupeleka kwenye ukuta, akapitisha kidole katikati ya jani na kutuambia: "Sikieni mushipa. Hii ni yenyewe." Safari hii tuliinama, tukagusa na sisi kabla ya kusifu.