Lubumbashi: Nani anakula mega zako?

LUBUMBASHI – Chini ya miavuli ya wauza unite, toka Place de la Poste mpaka soko la Kenya, lalamiko ni lile lile. Mtu ananunua mega asubuhi, anasoma habari mbili tatu, anaangalia picha za harusi ya ndugu, na kabla ya jioni ujumbe unaingia kwamba mega zimekwisha. Lawama huangukia kampuni ya simu. Lakini sehemu ya jibu iko ndani ya kurasa zenyewe, na mwenye kompyuta anaweza kuiona kwa kubonyeza kitufe kimoja tu.

Kitufe hicho ni F12. Kwenye kompyuta ya Windows, katika Chrome, Firefox au Edge, kinafungua dirisha la zana walizowekewa watengenezaji wa tovuti ili watafute makosa katika kazi yao. Zana hizo zimo ndani ya kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti ambayo wengi mjini huiita navigateur. Hazilipiwi, wala haziombi ruhusa ya mtu.

Ndani ya dirisha hilo kuna sehemu inayoitwa Réseau. Ukiifungua na kupakia ukurasa upya, kila kitu kinachoingia kinaandikwa kwenye mstari wake: jina lake, kimetoka wapi, kina uzito gani, kimechukua muda gani. Maandishi ya habari yenyewe ni mepesi sana, kilobaiti chache tu. Picha ni nzito zaidi. Halafu mistari inaendelea kushuka, mingi ikitoka kwenye anwani ambazo hazina uhusiano wowote na gazeti lililofunguliwa: madalali wa matangazo ya biashara, video zinazojicheza zenyewe, na skripti zinazofuatilia msomaji amefungua nini jana na juzi. Chini kabisa kuna jumla. Hiyo ndiyo inayokatwa kwenye mega.

Uzito huo umekwisha kupimwa. Mwaka 2015 gazeti la Marekani The New York Times lilipima tovuti 50 za habari kwenye simu. Zaidi ya nusu ya data yote ilikuwa ya matangazo na vitu vingine ambavyo programu za kuzuia matangazo huvichuja. Kwenye tovuti ya Boston.com, ukurasa wa kwanza ulikuwa na megabaiti zaidi ya 19, na zaidi ya 15 kati yake zilikuwa za matangazo.

Hesabu ya Lubumbashi si ngumu. Tuseme ukurasa mmoja una mega 3, na nusu yake ni pub. Mtu anayefungua kurasa 20 kwa siku anatumia mega 60, na 30 kati ya hizo ni za matangazo ambayo hakuyaomba. Kwa mwezi ni mega 900, karibu giga nzima. Mwenye bidhaa alilipa ili tangazo lake lionekane, na msomaji naye amelipa ili limfikie.

Kodi iliyoonekana na ile isiyoonekana

Wakongomani wanajua jinsi unite zinavyoweza kukatwa. Kuanzia Septemba 2020 walitozwa malipo ya RAM, rejista ya simu za mkononi: karibu dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Makuta hayo yalikatwa kidogo kidogo kwenye unite za mteja. Watu walikasirika, wabunge waliuliza maswali, na mashirika ya kiraia, pamoja na vuguvugu la LUCHA, yalidai iondolewe. Mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kelele, serikali iliifuta.

RAM ilipigiwa kelele kwa sababu ilionekana. Unite zilipungua, mtu akajua ni nani amezichukua. Uzito wa matangazo haumtumii mtu ujumbe wowote. Tofauti nyingine ni kwamba dhidi ya RAM mwananchi mmoja mmoja hakuwa na la kufanya, bali kwenye kivinjari anaweza kubadilisha mipangilio leo hii.

Mwaka huo huo wa 2022 watumiaji wa Chrome walipoteza kitu. Kivinjari hicho kilikuwa na njia ya kupunguza matumizi ya data kwenye simu za Android, ambayo mwishoni iliitwa Lite. Google iliiondoa mwezi wa tatu, ikieleza kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi. Kwa mkaaji wa Katuba au Ruashi anayenunua mega za siku moja kwa franka chache, maelezo hayo yalihusu watu wengine.

Kilichobaki mkononi

Simu nyingi za Android zinakuja na Chrome ndani yake, na Chrome ya simu haikubali programu za nyongeza za kuzuia matangazo. Hata hivyo ina mipangilio ambayo wengi hawajawahi kuigusa. Kwenye vitone vitatu, kisha Paramètres, kisha mipangilio ya tovuti, mtu anaweza kufunga madirisha yanayoruka yenyewe na kuzikatalia tovuti zisimtumie arifa. Ukurasa ule ule unabaki mzito, lakini simu inatulia.

Anayetaka kuokoa mega ana njia nyingine. Opera Mini, ambayo imetumika Afrika kwa miaka mingi tangu enzi za simu za vitufe, hupitisha ukurasa kwenye seva za kampuni ya Opera, unabanwa huko, ndipo unafika kwenye simu ukiwa mwepesi. Ina pia kizuia matangazo ndani yake. Gharama yake ni kwamba kurasa nyingine hazifunguki vizuri, na zile zilizobanwa zimepita mikononi mwa mtu wa tatu. Si mahali pa kuandikia neno la siri la benki.

Firefox ya Android inakubali programu za nyongeza, na mojawapo ni uBlock Origin, ya bure, iliyotengenezwa na Raymond Hill, mtu ambaye hapokei hata michango. Brave nayo huzuia matangazo tokea siku ya kwanza bila kuongezewa kitu. Kwenye kompyuta mambo yamebadilika: Google ilipobadilisha kanuni za programu za nyongeza, uBlock Origin ya kawaida iliacha kufanya kazi katika Chrome kati ya mwaka 2024 na 2025, ikabaki ile nyepesi inayoitwa uBlock Origin Lite. Google ilisema ni kwa ajili ya usalama na wepesi. Wakosoaji walikumbusha kwamba sehemu kubwa ya mapato ya Google hutoka kwenye matangazo.

Kuna sababu nyingine ya kuzuia, mbali na mega. Desemba 2022 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walionya kwamba matapeli wananunua matangazo kwenye mitambo ya kutafutia habari na kujifanya kampuni halali, wakashauri raia watumie kizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni. Katika mji ambamo mshahara, karo na hata mchango wa msiba hupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kitufe cha uongo kilichoandikwa Télécharger kinaweza kugharimu zaidi ya giga moja.

Zana za F12 nazo zina mtego wake. Mtu asiyejulikana akikuambia ubandike maneno fulani ndani ya dirisha hilo ili upate mega za bure au ufungue akaunti ya mwingine, anataka kuiba akaunti yako. Facebook imeweka onyo ndani ya dirisha hilo kwa sababu hiyo hiyo.

Na mwandishi wa habari ale nini?

Lakini upande wa pili wa hesabu hii ni mzito vilevile. Magazeti ya mtandaoni ya Congo husomwa bila kulipiwa. Makuta ya mafuta ya pikipiki ya ripota, ya intaneti ya chumba cha habari na ya jenereta SNEL inapokata umeme, kwa sehemu hutoka kwenye matangazo yale yale ambayo msomaji anayafukuza. Tangazo lisiloonekana mara nyingi halilipwi.

Congo inajua kinachotokea gazeti linaposhindwa kumlipa ripota wake. Jina lake ni coupage: bahasha anayopewa mwandishi na yule aliyemwita kwenye mkutano. Gazeti lisilokuwa na mapato ya halali linamwacha mwandishi wake mikononi mwa mwanasiasa au bosi wa kampuni, na msomaji aliyeokoa mega chache anasoma habari iliyolipiwa na mwingine. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haionekani kwenye dirisha la F12.

Mahakamani, wachapishaji wamejaribu kupigana na vizuizi hivyo. Kampuni ya Axel Springer ya Ujerumani iliishtaki ile inayotengeneza Adblock Plus, na Aprili 2018 mahakama kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumpa msomaji programu ya kuzuia matangazo si ushindani usio halali. Congo kwa upande wake ina Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda data binafsi za raia, na skripti za kufuatilia wasomaji zinaishi kwa data za namna hiyo.

Kazi ya wale wanaojenga

Ndiyo maana F12 inawahusu zaidi watengenezaji wa tovuti kuliko wasomaji. Lubumbashi haikosi watu hao: Chuo Kikuu cha Lubumbashi na shule kuu ya informatika ya Salama, ESIS, zimefundisha vijana wengi wanaojenga tovuti za magazeti, makanisa, shule na maduka. Wengi wao hujaribu kazi yao kwenye kompyuta nzuri yenye Wi-Fi. Msomaji wao anaifungua kwenye simu ya bei ndogo, ndani ya basi linaloelekea Kampemba.

Zana zile zile zinaweza kuziba pengo hilo. Sehemu ya Réseau ina chaguo la kuigiza mtandao wa polepole kama 3G, na lingine la kusahau mafaili yaliyokwisha kuhifadhiwa, ili mjenzi aone anachokiona mtu anayefungua ukurasa kwa mara ya kwanza. Simu halisi inaweza kuunganishwa kwa waya wa USB na ukurasa wake ukachunguzwa kwenye skrini ya kompyuta. Baada ya hapo dawa zinajulikana: kupunguza picha kabla ya kuiweka, kuitumia katika muundo mwepesi kama WebP, kuacha picha za chini zisubiri mpaka msomaji azifikie, na kuzima video zinazojicheza zenyewe.

Hata tangazo lenyewe linaweza kuwa jepesi. Gazeti linalouza nafasi moja kwa moja kwa mwenye duka la dawa wa Kamalondo au muuza vipuri wa katikati ya mji, likaweka picha moja ya kilobaiti 40 kutoka kwenye seva yake lenyewe, linapata makuta yake bila kuwaita madalali ishirini ndani ya simu ya msomaji. Tangazo la namna hiyo halimfuatilii mtu wala halimalizi mega.

Msomaji naye ana nafasi ya haki. uBlock Origin na Brave zote zinaruhusu kufungua mlango kwa tovuti moja moja: unazuia kila mahali, kisha unaliruhusu gazeti unaloliamini, mradi kurasa zake zimjali mtu anayenunua mega kwa siku. Likianza kupakia video tatu juu ya habari moja, mlango unafungwa tena kwa kidole kimoja.

Kesho asubuhi miavuli itafunguliwa tena na foleni ya unite itarudi. Kabla ya kugombana na muuzaji, inafaa kufungua Paramètres za simu na kuangalia ni programu gani imekula mega za jana. Kama ni kivinjari, jibu liko ndani yake, na dawa pia.