Kutetemeka si ulozi

Mzee akitetemeka mkono, akitembea polepole, uso ukikakamaa, wengi kwetu husema amelogwa, au ni mlozi. Mara nyingi ni ugonjwa tu. Mmoja wao unaitwa Parkinson, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini, ambayo huongoza mwendo wa mwili, zinakufa. Hauambukizi. Hauponyeshwi na dawa, lakini levodopa hupunguza taabu yake ikinywewa kwa saa zake.

Kwa jirani zetu Uganda, Waganda waliita kutetemeka huko obuko, adhabu ya kuvunja mwiko wa wakwe. Ndiyo maana chama cha kusaidia wagonjwa huko kinaitwa Parkinson's Si Buko: hii si obuko. Jina lenyewe ni fundisho.

Viongozi wa vyama vya namna hii mara nyingi wanajitolea bila mshahara, kwa kuwa wana mgonjwa nyumbani. Wanakutanisha waliojificha na kufundisha jamaa zao.

Nasi tuwaombee wagonjwa, lakini tusiwaachishe dawa. Tuwatembelee, tuwapeleke kwa daktari, na tusimwite mzee yeyote mlozi kwa sababu anatetemeka.