Je, Wajua? Kenya iliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia

Si la kandanda, ambayo vijana wa Diani na Msambweni huisakata ufuoni maji yakishakupwa. Ni la kriketi, mchezo ambao wengi Kwale hawajashika hata gongo lake. Februari 2003, jijini Nairobi, Kenya iliicharaza Sri Lanka, mabingwa wa 1996, kwa mikimbio 53. Collins Obuya, kwa mipira yake ya kuzunguka, aling'oa wiketi 5. New Zealand nao walikataa kuja wakihofia usalama, tukapewa pointi za bure (nani angezikataa?). Safari ilikomea Durban, mbele ya India. Ukitaka kuuona mchezo wenyewe, vuka feri ya Likoni: uwanja wa Mombasa Sports Club umewahi kuandaa mechi za kimataifa.