Maharage Dirishani: Wiki Moja ya Darasa la Tano

Jumatatu asubuhi, katika shule moja ya msingi ya kijijini, mwalimu wa sayansi alipanga makopo manne matupu ya maziwa juu ya meza na kutia ndani ya kila moja mbegu sita za maharage. Kopo la kwanza lilikuwa na pamba iliyoloweshwa kwa maji, la pili pamba kavu. La tatu lilijazwa maji yaliyochemshwa, yakaachwa yapoe, kisha yakafunikwa kwa tabaka la mafuta ya kula. La nne lilikuwa sawasawa na la kwanza, ila lilifungiwa ndani ya sanduku lisilopenya mwanga. Kwa kawaida huwapo na kopo la tano, linalowekwa ndani ya jokofu ili kupima athari ya baridi. Shule ile haina jokofu, na mwalimu alilisema jambo hilo waziwazi, akaendelea na kazi yake.

Kisha akauliza: "Mbegu za makopo yapi zitaota?" Hakuruhusu mtu kunyosha mkono. Kila mwanafunzi aliandika jibu lake juu ya kipande cha karatasi pamoja na jina lake, karatasi zikakusanywa na kutiwa ndani ya bahasha. Jibu lenyewe hakulitoa.

Mimi nilikaa dawati la nyuma wiki nzima. Walimu wa sekondari hunung'unika kila mwaka kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza huja na madaftari yaliyojaa na vichwa vitupu. Lawama hiyo haina haki yote, lakini ndani yake limo swali linalostahili kuulizwa kisayansi: kinachofundishwa Jumatatu huwa wapi ifikapo Ijumaa?

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa hesabu alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kitabu chake juu ya kumbukumbu mwaka 1885. Hakuwa na maabara ya kutajika, wala hakuwa na mtu wa kumfanyia majaribio ila nafsi yake. Alitunga silabi zaidi ya elfu mbili zisizo na maana yoyote, akawa anazikariri kwa mafungu mpaka azitamke bila kosa. Baada ya muda fulani alijifunza tena fungu lile lile, akapima ni kazi kiasi gani aliyookoa kwa sababu ya kujifunza mara ya kwanza. Baada ya saa moja aliokoa asilimia 44 tu. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku sita, asilimia 25. Na baada ya mwezi mzima, asilimia 21.

Zitazame tarakimu hizo vizuri, ndugu msomaji. Hasara kubwa haitokei kidogo kidogo kwa miezi. Hutokea mnamo saa za mwanzo, kabla mtoto hajafika nyumbani. Baada ya hapo mteremko hupungua, na kinachobaki hukaa muda mrefu. Hapana budi kukumbuka kwamba silabi zisizo na maana husahaulika upesi kuliko habari zenye maana, kwa hiyo asilimia hizo tusizichukue kuwa kipimo cha darasa la tano. Lakini umbo la mteremko ni la kweli. Mwaka 2015 watafiti Murre na Dros walilirudia jaribio hilo, wakapata mteremko unaofanana sana na ule wa Ebbinghaus.

Jumanne hapakuwa na la kuona ila mbegu zilizovimba na maganda yaliyokunjamana. Mwalimu angeweza kusema, "Jana tulijifunza kwamba...", kama wengi wetu tusemavyo. Badala yake alisema: "Fungeni madaftari. Katika kopo la tatu tulitia nini juu ya maji, na kwa sababu gani?"

Kimya. Mvulana mmoja wa mbele akajibu, "Mafuta, mwalimu."

"Ya kazi gani?"

"Ya... kulainisha mbegu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, wala hakumsahihisha. Aliuliza kama yuko mwenye jibu jingine, na msichana wa upande wa mlango akasema kwamba mafuta ni ya kuzuia hewa isiingie. "Na mbona tuliyachemsha maji kwanza?" Hapo hakuna aliyejibu. Kila mmoja aliandika dhana yake, hata aliyedhani hajui. Ndipo mwalimu akaeleza kwamba ndani ya maji imo hewa iliyoyeyuka, na kuchemsha huifukuza. Mafuta huizuia isirudi. Akaongeza kwamba maji yalipaswa kupoa kabla ya kutia mbegu, la sivyo mbegu zingepikwa, na jaribio lingekuwa limejibu swali jingine kabisa. Yote hayo yalichukua dakika zipatazo nane katika kipindi cha dakika arobaini.

Dakika nane hizo si kidogo kwa mwalimu mwenye mtaala wa kuumaliza. Je, si afadhali zingetumika kurudia maelezo mara ya pili, polepole na kwa sauti? Jibu la utafiti ni kwamba la, si afadhali. Mwaka 1939, huko Iowa nchini Marekani, Herbert Spitzer alifanya jaribio kwa wanafunzi zaidi ya 3,600 wa darasa la sita. Walisoma makala mafupi juu ya karanga na juu ya mianzi. Baadhi yao waliulizwa maswali mara tu baada ya kusoma. Wengine hawakuulizwa mpaka siku au majuma yalipopita. Waliochelewa kuulizwa walikuwa wamesahau sehemu kubwa, hali walioulizwa mapema walihifadhi mengi zaidi. Swali halikupima kumbukumbu tu, liliitia nguvu.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, pia wa Marekani, walilitazama jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Makala mamoja waliyasoma kisha wakayasoma tena. Makala mengine waliyasoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuyatazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kulishinda: asilimia 81 kwa 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka. Kwa makala waliyoyasoma mara mbili walibaki na asilimia 42. Kwa yale waliyojikumbusha wenyewe, asilimia 56. Hapa ndipo penye mtego kwa mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani. Kusoma daftari mara kwa mara humfanya ajione amekwisha kujua, kwa kuwa maneno yamemzoea macho. Na kwa dakika tano zile ni kweli anajua.

Mtego huo huo unao sauti yake katika shule zetu. "Tumeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!" Mimi mwenyewe niliuitikia mwitikio huo miaka saba ya shule ya msingi, na mara nyingi nilikuwa sijaelewa neno. Kuitika kwa pamoja kuna uzuri wake katika wimbo na katika kuzoeza matamshi, lakini hakumwambii mwalimu lolote juu ya mtoto wa dawati la tano.

Jumatano ncha nyeupe za mizizi zilichomoza katika kopo la kwanza. Katika kopo la pili mbegu zilikuwa ngumu kama changarawe. Sanduku halikufunguliwa. Msichana mmoja ambaye hakufika Jumanne alielezewa habari ya mafuta na jirani yake, naye jirani alieleza vizuri kuliko alivyokuwa ameandika mwenyewe jana yake.

Alhamisi kopo la tatu lilianza kunuka.

Nikiwa hapo nilishuhudia pia somo jingine siku ya Jumatatu mchana: njia ya chakula tumboni. Mchoro uliandikwa ubaoni kwa uzuri, ukanakiliwa, majina yakasomwa kwa pamoja mara tatu. Ijumaa wakati wa mapumziko niliwauliza watoto wachache, chini ya mwembe, chakula hupita wapi baada ya kumezwa. Majina waliyataja karibu yote. Mfuatano ulikuwa umepotea, na ini lilikuwa limewekwa mwanzo wa safari. Sidai kwamba hilo ni jaribio. Darasa moja na siku tano hazithibitishi kitu, na mwalimu yule wa mchana ni mchapakazi. Nalitaja kwa sababu lilinikumbusha madaftari yangu mwenyewe.

Siku hiyo ya Ijumaa, katika kipindi cha sayansi, bahasha ilifunguliwa. Darasa karibu zima lilikuwa limeandika kwamba mbegu zilizo gizani hazitaota. Mwalimu akafungua sanduku. Zilikuwa zimeota zote sita, na mizizi yake ilikuwa sawa na ile ya kopo la dirishani. Kelele iliyozuka ilimfanya mwalimu wa darasa la pili achungulie.

Kosa hilo la kuandika lilikuwa na faida. Richland, Kornell na Kao walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu aliyejaribu kujibu swali kabla ya kufundishwa, hata akikosea, hulikumbuka jibu sahihi vizuri zaidi baada ya kulipata. Sharti ni kwamba sahihisho lije. Kosa lililoachwa bila kusahihishwa nalo hukua mizizi. Kwa hiyo mwalimu alieleza mara moja: mbegu ya haragwe huhitaji maji, hewa na joto la kadiri, na chakula chake cha mwanzo imekibeba yenyewe katika zile nusu mbili nene. Mwanga huhitajiwa baadaye. Alijihadhari pia asiseme "mbegu zote", maana zipo mbegu, kama za aina fulani za saladi, ambazo hungojea mwanga ndipo ziote.

Jambo moja bado lahusu wiki yenyewe na jinsi inavyogawanywa. Ebbinghaus aligundua kwamba kurudia mara 38 kulikotawanywa katika siku tatu kulimletea faida ile ile ya kurudia mara 68 mfululizo kwa siku moja. Vipindi viwili vya mfululizo hupendwa na waandaaji wa ratiba, na kwa majaribio ya maabara vina sababu yake. Lakini maswali matatu kila asubuhi, moja la jana, moja la juma lililopita, moja la mwezi uliopita, hayadai chaki wala kitabu cha ziada. Katika darasa kubwa majibu yanaweza kuandikwa kwenye karatasi kuukuu au ardhini kwa kijiti, mradi kila mtoto aandike lake kabla ya mmoja kusema. Na mtoto huyu akifika kidato cha kwanza, ambako masomo hugeuka kuwa kwa Kiingereza, jina jipya la kuota kwa mbegu litapata mahali pa kushika. Aliyebeba maneno ya daftari tu atakuwa na maneno mengine ya kubeba.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kwa saa moja. Katika kopo la dirishani mashina mafupi yalikuwa yameinua zile nusu mbili za mbegu, na majani machanga yalikuwa ya kijani. Ndani ya sanduku mashina yalikuwa marefu zaidi, membamba, meupe kama nyuzi, na majani ya manjano. Mwalimu alifunga sanduku tena kabla hawajamaliza kutazama, akagawa vipande vya karatasi. Swali lilikuwa kwa nini lililo gizani ni refu kuliko lililo juani. Mvulana wa mafuta alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa na kuandika.