Kisha kansa, mama asikae tu kwenye kiti

Mama akirudi nyumbani kisha kupasuliwa ziwa, kila mtu anamwambia: "Mama, pumzika. Usishike ufagio, usishike bidoni." Ni maneno ya upendo. Lakini akikaa vile miezi na miezi, nguvu zinamwisha, bega linakakamaa, na mkono unashindwa hata kusuka nywele za mtoto.

Zamani banganga pia walisema vile. Wakipasua ziwa, mara nyingi wanatoa na tezi za kwapani, zenye kupitisha maji ya mwili, na mkono unaweza kuvimba. Waliogopa kazi ya nguvu itauvimbisha.

Kule Kanada, mjini Vancouver, munganga Don McKenzie alitaka kuona kama ni kweli. Mwaka 1996 alikusanya wanawake 24 waliopitia kansa ya ziwa, akawazoesha pole pole kupiga kasia ndani ya mtumbwi mrefu. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya.

Na si kansa ya ziwa tu. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya watu 889, wanaume na wanawake, waliotibiwa kansa ya utumbo mkubwa. Wamoja walifuatiliwa miaka 3 wafanye mazoezi, wengine walipewa tu kitabu cha mashauri. Kisha miaka 8, kwa kila watu 100, wa mazoezi 90 walikuwa hai. Wale wengine, 83.

Kwetu haiombi mtumbwi. Mama wa Lukafu mwenye shamba, mama wa sokoni, mama wa kambi ya wachimbaji, yule wa ofisi, kila mmoja aanze na miguu yake. Siku ya kwanza dakika 10. Aongeze hadi 30, mara 3 kwa juma, akitembea mwendo wa kuweza kusema lakini si kuimba. Kwa bega, asimame mbele ya ukuta, vidole vipande pole pole. Baadaye ashike chupa ya nusu lita ya maji.

Lakini bidoni ya lita 20 kwa mara moja, hiyo si mazoezi. Mwili unataka kuzoea kidogo kidogo.

Kwanza amuulize munganga wake, zaidi kama kansa iliingia kwenye mifupa. Mkono ukivimba, kifua kikiuma, au pumzi ikikatika, asimame na arudi hospitali.

Na wewe baba unayetoka kazini, unajua mwili unavyozoea kazi: hakuna anayeshika sururu siku ya kwanza sawa mwenye miaka kumi. Beba ile bidoni, au tuma kijana. Jioni, kabla ya bukari, mwambie mama: "Twende tuzunguke kidogo." Kumwacha kwenye kiti si kumtunza. Kutembea naye ndiyo kumtunza.