Mwalimu Mmoja, Shule Mbili

Hakuna mwananchi aishiye mbali na makao makuu ya wilaya asiyeijua habari ya shule yenye madarasa saba na walimu watatu. Habari hiyo si ngeni, wala hatuiandiki leo kwa kutaka kumshangaza mtu. Tunaiandika kwa sababu dawa mojawapo inayotumiwa kuiponya, yaani kumgawa mwalimu mmoja kati ya shule mbili au tatu zilizo jirani, kwa miaka mingi imetumiwa kama jambo la dharura, la kusikilizana tu baina ya mwalimu mkuu huyu na yule. Na jambo lifanywalo hivyo halina mwenyewe. Likiharibika, hapana wa kuulizwa.

Tuanze na shule shikizi, maana hapo ndipo mgawo huu ulipoota mizizi. Kwa wasomaji wetu wa mijini ambao pengine hawajapata kuiona, shule shikizi ni tawi la shule ya msingi, lililojengwa kitongojini ili watoto wadogo wasilazimike kutembea kilomita nane au kumi kuifuata shule mama. Mtoto wa miaka sita hawezi kuvuka mto uliofurika mwezi wa Aprili. Wala mzazi wa Simanjiro au Ngorongoro, ambako tembo na fisi hupita njia ile ile apitayo mwanafunzi, hawezi kulaumiwa akimweka mwanawe nyumbani hadi apate nguvu za miguu. Kwa hiyo wananchi hukusanya fito, matofali na bati, wakasimamisha chumba kimoja au viwili, na watoto wakaanza elimu ya awali, darasa la kwanza na la pili karibu na kwao, huku majina yao yakiandikwa katika rejista ya shule mama. Serikali nayo iliitambua kazi hiyo: katika madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini tangu mwaka 2021 kwa fedha za mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19, madarasa 3,000 yalikuwa ya shule shikizi.

Chumba kikapatikana. Je, mwalimu? Mwalimu ni yule yule wa shule mama. Shule iliyokuwa na walimu sita hupeleka wawili kitongojini, ikabaki na wanne kwa madarasa saba. Au humpeleka mmoja kwa zamu, wiki hii huyu na wiki ijayo yule. Mvua ikinyesha, haendi. Akiugua, haendi. Mwenzake wa shule mama akienda wilayani kushughulikia mshahara wake, yule wa zamu hurudishwa kuziba pengo, na watoto wa kitongojini hucheza uwanjani hadi saa sita kisha wakarudi makwao. Hatumlaumu mwalimu mkuu afanyaye hivyo. Amepewa shuka moja na vitanda viwili, na kila aivutapo kichwani hufunua miguu.

Lakini hapa yatupasa kusema jambo ambalo tunaona halisemwi vya kutosha. Katika watoto wote wa shule, anayeweza kuvumilia mwalimu wa kuja na kuondoka ni yule mkubwa, ajuaye kusoma peke yake. Asiyeweza kabisa ni yule wa awali na wa darasa la kwanza. Huyo hujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kurudia kila siku, mbele ya mtu ajuaye jina lake, ajuaye kwamba jana aliandika herufi kinyume, na kwamba juzi alikuja bila kula. Akikosa siku tatu, husahau yote ya wiki nzima. Basi tazameni tulivyofanya: mwalimu wa kugawa tumempeleka hasa kwa wale wasioweza kugawiwa, ati kwa sababu wao ni wadogo na kazi yao ni nyepesi. Kazi hiyo si nyepesi hata kidogo. Darasa la kwanza ndilo jiwe la msingi, na mwashi hatandiki jiwe la msingi kwa zamu.

Ndiyo maana sisi twasema ya kuwa kitongoji kipate mwalimu wake wa kudumu, mmoja angalau, mwenye nyumba pale pale. Wa kugawiwa wawe walimu wa masomo katika madarasa ya juu na katika shule za sekondari.

Huko sekondari pia inafaa tupige hesabu kwanza kabla ya kusifu. Tangu mpango wa mwaka 2004 ulipozisambaza shule za sekondari za kata, watoto wengi wa maskini wameingia kidato cha kwanza ambao hapo zamani wangeishia darasa la saba, na hilo ni jambo la heshima. Ila mwalimu wa hisabati na wa fizikia hakuzaliwa kwa kasi ile ile ya matofali. Tuseme shule ya kata ina vidato vinne, mkondo mmoja kila kidato, na hisabati inapewa vipindi 6 kwa wiki. Hivyo ni vipindi 24. Shule jirani nayo ina 24, jumla 48. Wiki yenye siku 5 za vipindi 8 ina vipindi 40 tu! Kwa hiyo hata kama mwalimu huyo angekuwa na mabawa, asinywe maji wala asisahihishe daftari hata moja, vipindi 8 vingebaki bila mtu. Afisa anayeandika katika taarifa yake kwamba shule mbili hizo zote zina mwalimu wa hisabati anajidanganya, na anatudanganya sisi.

Sasa tuchukue fizikia ya kidato cha tatu na cha nne, yenye wanafunzi kumi na watano waliolichagua somo. Vipindi 4 kila kidato, shule mbili, jumla ni vipindi 16. Mwalimu aweza kukaa siku mbili kamili hapa na siku mbili kamili kule, vipindi vinne kwa siku, na Ijumaa akabaki katika kituo chake akisahihisha na kutayarisha majaribio. Hapo mgawo una akili. Tofauti ya mambo haya mawili haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji mtu wa kukaa na kalamu.

Wala hatuanzi leo. Mwezi wa Novemba 1974, chama cha TANU kilipokutana Musoma, kiliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha sehemu ya siku katika shule za vijijini na kujifunza ualimu sehemu nyingine, huku wakufunzi wakiwazungukia na redio ikiwasaidia. Yako mengi yaliyosemwa juu ya upungufu wa elimu ile, na mengine ni ya kweli. Lakini mtu aliyezunguka alijulikana ni nani, alitarajiwa siku gani, na kazi yake ya kuzunguka ilikuwa ndiyo kazi yake hasa, si hisani ya ziada. India nayo, Tume ya Elimu iliyoongozwa na D. S. Kothari kati ya 1964 na 1966 ilishauri shule zilizo karibu zifungwe pamoja katika kundi moja ili zisaidiane, na sera yao ya mwaka 2020 imelirudia shauri hilo. Kwa hiyo fikra yenyewe ni nzuri, na ni ya zamani. Kinachopungua ni utaratibu.

Tukumbuke pia kwamba mwalimu ni mfanyakazi. Mfanyakazi wa kiwandani akiambiwa aendeshe mashine mbili zilizo katika majengo mawili, kilomita tisa mbali, kwa mshahara ule ule na kwa miguu yake mwenyewe, chama chake cha wafanyakazi hakitanyamaza. Mwalimu hununua baiskeli kwa fedha yake, au hulipa bodaboda, na matope yanapozidi hubeba viatu mkononi. Mwalimu wa kike huongezewa hofu ya njia ya porini alfajiri, kisha akifika shule ya pili hana hata chumba cha kubadilishia nguo. Na mwisho wa mwaka, matokeo ya mtihani yakitoka mabaya, shule zote mbili humnyoshea kidole, na hakuna hata moja iliyomhesabu kuwa wake alipokuwa akihitaji mahali pa kulala.

Kwa hiyo mwalimu wa kugawiwa awe na shule moja iliyo kituo chake, ambako jina lake limo katika ikama, na barua iandikwe ikisema siku gani ni za shule ya pili. Apewe siku kamili, maana saa zikikatwa vipande huishia njiani. Asigawiwe zaidi ya shule mbili. Ratiba ishikwe na Afisa Elimu Kata, kwa kuwa yeye ndiye azijuaye shule zote za kata yake, na wengi wao walipewa pikipiki kwa kazi ya namna hiyo. Ratiba hiyo itungwe kwa kuitazama nchi yenyewe ilivyo. Katika delta ya Rufiji mwalimu aendaye kwa mtumbwi hutawaliwa na maji kujaa, nayo huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Karatasi isemayo kila Jumatano saa 2 asubuhi haijui habari ya maji hayo.

Wako watakaotuambia kwamba wazazi wamekwisha kuliziba pengo kwa kumlipa kijana wa kujitolea, aliyemaliza kidato cha nne, kwa debe la mahindi. Twawashukuru vijana hao kwa moyo wote, na wengine wao wanafundisha vizuri. Lakini kijana huyo huondoka mwezi apatapo kibarua mjini, na mzazi asiye na mahindi huona aibu kumpeleka mwanawe. Wengine watatupa jibu la redio na simu. Vyombo hivyo ni msaada mkubwa, nasi hatuvikatai, ila redio haisahihishi daftari.

Januari shule zitakapofunguliwa, twaziomba halmashauri zilizo na shule shikizi zibandike ukutani, katika kila ofisi ya kijiji, ratiba ya walimu wanaogawiwa, ili mzazi ajue mwalimu wa mwanawe anatazamiwa siku gani na amwulize nani asipomwona. Na chini ya ratiba hiyo liandikwe fungu litakalolipia tairi la baiskeli.