Usibonyeze Mara Mbili: Kazi ya Ukurasa wa Kungojea

Ukipita Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Majengo ya Pumwani, ambako Waswahili wamekaa tangu miaka ya 1920, hadi Buruburu na Kayole, hukosi duka la saiba. Humo watu huomba vyeti na leseni kwenye mtandao, kisha hulipa kwa M-Pesa. Hapo ndipo kidole humponza mwenyewe.

Ukibonyeza "Lipa", pesa haziondoki papo hapo. Tovuti hupeleka ombi M-Pesa, nayo hujibu kwamba limepokewa, halafu simu yako hukuuliza nambari ya siri. Jibu la mwisho, kwamba umelipa au umekataa, huifikia tovuti baadaye. Kabla ya hapo, tovuti haina habari.

Kama wakati huo kioo kimebaki cheupe, mteja hudhani mambo yamekwama. Hubonyeza tena, ombi la pili likaondoka, naye akaweka siri mara ya pili. Amelipa mara mbili. Kwa aliyekuwa na nauli ya kurudi nyumbani tu, hilo si jambo dogo.

Dawa yake ni ukurasa wa kungojea. Seva ikipokea ombi, hulipa nambari, hulihifadhi, kisha humhamishia mteja mara moja kwenye ukurasa mwengine unaomwambia: "Ombi lako limepokewa. Angalia simu yako. Usilipe tena." Ukurasa huo huiuliza seva kila baada ya sekunde chache, jibu likifika, hugeuka wenyewe kuwa risiti. Na kwa kuwa mteja sasa yuko kwenye anwani nyengine, hata akiufungua upya hatumi malipo, anauliza hali tu.

Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba mtu akingojea zaidi ya sekunde 10 hivi, akili yake huhamia kwengine. Kwa hivyo vijana wetu wanaotengeneza tovuti wasitosheke na kiduara kinachozunguka bila neno. Mwambieni mteja ombi lake liko wapi, na mpeni nambari ya kulifuatilia.

Nasi wateja, kabla ya kubonyeza tena, tuangalie kwanza ujumbe wa M-Pesa. Usipouona, tazama salio lako. Subira yavuta heri, lakini anayetungojesha naye atuambie tunangoja nini.